Chumvi ya Kijani

Kampala, 7 Oktoba 2002

Mdogo wangu Anselme,

Kwanza salamu, na unisamehe kwa karatasi hii ya hesabu. Ndiyo iliyokuwa mezani. Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie dawa nitaituma nikipata mtu wa kuaminika, si yule wa mara ya mwisho aliyeimeza yeye mwenyewe njiani.

Sasa nisikilize vizuri, maana nina shida, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunitoa. Profesa wangu amenipa hadi mwisho wa Januari. Mashine ya kupima umeme tunayo hapa chuoni, mpya kabisa, bado ina plastiki yake. Tusichokuwa nacho ni platini. Chuo kimeagiza tangu mwaka jana na hakuna kilichofika. Ndipo nikakumbuka ile chupa ndogo ya kahawia katika kabati la labo ya shule, rafu ya juu, nyuma ya iodini. Ni chumvi nyekundu ya platini, waliyoiacha Wazungu wa mgodini kabla hatujazaliwa. Wewe ndiye mtunza labo, funguo ni zako.

Fanya hivi. Yeyusha chumvi yote katika maji safi. Maji yatakuwa mekundu. Yagawe mara mbili. Nusu moja uitie amonia, uichemshe polepole kwenye mbabula ya makaa mpaka maji yapoteze rangi yote na kuwa maangavu. Kisha ile nusu nyekundu uimimine humo. Nyekundu ndani ya maji yasiyo na rangi, Anselme, na kitakachoanguka chini ni kijani! Kijani kama sombe, majani ya muhogo.

Najua utauliza kwa nini, kwa hiyo nakujibu kabisa. Kila chembe ya chumvi hii ni bapa kama sahani, na platini imekaa katikati yake. Sahani zikipangana moja juu ya nyingine, platini ya huku inakaribia sana platini ya kule, na elektroni zinapata njia ya kupita kutoka sahani hadi sahani. Rangi ile inatoka hapo, katika kukaribiana. Kuna chumvi nyingine yenye vitu vilevile na uzani uleule, ila sahani zake zimekaa mbalimbali. Hiyo ni ya waridi tu, wala umeme hauna njia. Mimi nataka kupima umeme unavyopita kwa urefu wa sindano moja ya kijani. Hiyo ndiyo thesis yangu nzima.

Ikikauka, ifunge katika karatasi, umpe Mama Rebecca, yule muuza samaki wa Kasenyi anayevuka ziwa kila wiki mbili. Hata barua hii inapitia kwake. Usiwaambie watu.

Dada yako mkubwa, yaya wako,
Emerance


Bunia, 19 Oktoba 2002

Yaya Emerance,

Barua imefika. Mguu wa Mama unamuuma asubuhi na jioni. Mchana anausahau, isipokuwa akipata mgeni wa kumsikiliza. Labo ipo, kabati lipo, na chupa yako ipo, nimeishika leo. Nawe bado unaandika kama mwalimu wa zamu.

Lakini yaya, naogopa, na nitakwambia kinachoniogopesha. Unajua siku hizi barua haipiti hapa ikiwa imegundishwa. Bahasha iliyofungwa wanaichana, na aliyeibeba anapata fimbo. Kwa hiyo sote tunaandika barua wazi, na kila bariera ya njiani inasoma inachotaka. Tumezoea. Yako ilisomwa kama za wengine. Ila safari hii mtu amepiga mistari kwa biki chini ya maneno: "nyekundu", "platini", na pale mwishoni, "usiwaambie watu". Na mistari imenyooka, imepigwa kwa rula. Yaya, ni nani anakaa bariera na rula?

Unazijua pia hadithi za mercure rouge, ile zebaki nyekundu. Bunia nzima inaamini kwamba Wazungu walificha kitu chekundu kwenye migodi yao, na kwamba kijiko chake kimoja kinamtajirisha mtu na wajukuu zake. Hakuna aliyewahi kukiona, ndiyo maana kila mtu anakiamini.

Shule yetu ina wageni tangu Agosti. Mwanzoni walilala katika madarasa ya chini. Sasa wamefika mlango wa tatu kutoka labo. Usiku natembea kurudi kwetu Mudzipela na funguo ndani ya soksi. Nitafanya kazi yako, lakini unipe muda. Na barua ijayo, nakuomba sana, niandikie habari za mvua.

Mdogo wako,
Anselme


Kampala, 1 Novemba 2002

Mdogo wangu,

Habari za mvua: imenyesha. Sasa turudi kwenye kazi.

Nimesoma woga wako wote na nimekuonea huruma, kwa dakika kama tano hivi. Mistari ya rula! Huenda ni mwalimu aliyekosa darasa, anasahihisha kwa mazoea. Wewe tangu utoto unaona nyoka kwenye kila kamba ya nguo. Wageni wa shule watakuja na wataondoka, lakini Januari haitanisubiri.

Ile chupa uichunge kama jicho lako. Gramu kwa gramu inapita dhahabu, tena kwa mbali, na mimi sina pa kupata nyingine. Usiimwage, usiiache wazi, usimpe mtu yeyote aishike. Hata Mama asijue ilipo.

Nasubiri sindano zangu za kijani.

Emerance


Bunia, 16 Novemba 2002

Kwa Mheshimiwa Daktari Emerance,
Kampala

Mheshimiwa Daktari,

Nina heshima ya kukuandikia nikiwa na afya njema. Kazi inaendelea vizuri chini ya ulinzi wa Commandant Fiacre, ambaye sasa anaisimamia labo na ambaye amesoma barua zako zote kwa makini. Anakusalimu. Anapenda sana sayansi.

Nimejaribu mara mbili, kwa kiasi kidogo tu cha chumvi. Rangi haikutoka. Sababu ni amonia: ile ya kabatini imezeeka, imekufa. Nimemweleza Commandant kwamba bidhaa anayoitafuta si chumvi hii yenyewe, ila ni kile kitakachotoka baada ya amonia mpya kutoka Kampala, na kwamba pasipo amonia hiyo chumvi itaharibika bure. Ameelewa.

Nimemweleza pia kwamba wewe huwezi kumkabidhi mtu yeyote amonia isipokuwa Mama yetu, mkono kwa mkono, kama ulivyosema siku zote. Kwa hiyo Mama atapanda lori la kwenda Kasenyi mara Commandant atakapotia sahihi karatasi yake. Nakuomba umpokee. Asiharakishwe kurudi, kwa sababu amonia haipendi haraka.

Pokea, Mheshimiwa Daktari, salamu zangu za heshima kubwa.

Anselme
Mtunza labo


Kampala, 24 Novemba 2002

Anselme,

Umerogwa? "Mheshimiwa Daktari"! Nimecheka, kisha nikasoma yaliyobaki nikaacha kucheka.

Kwanza amonia. Amonia haifi. Inapungua nguvu chupa ikiachwa wazi, na chupa ile niliifunga mimi mwenyewe kwa nta kabla sijaondoka. Ifungue sasa hivi uinuse, utaona machozi yatakavyokutoka. Ni nzima. Kama rangi haikutoka, basi hukuchemsha. Tena nadhani hukufanya lolote, maana hata kazi iliyofanywa vibaya ingekupa rangi fulani, na wewe unasema hakuna. Umepata rafiki mwenye cheo, mnakaa mnapiga soga labo, halafu unaisingizia chupa.

Pili, Mama. Unathubutuje kumpandisha mwanamke wa miaka sitini na mitano, na mguu ule, juu ya magunia ya lori, katika njia ile ambayo watu wanashushwa na kuulizwa kabila, kwa ajili ya kitu ambacho unacho kabatini? Na mimi sijasema hata siku moja kwamba nitamkabidhi Mama chochote. Hilo umelitunga. Mwambie huyo Commandant wako kwamba hakuna haja ya safari yoyote. Mama abaki nyumbani.

Kuna boti inavuka kesho alfajiri. Barua hii itapokelewa na Evariste, dereva wa lori la samaki, naye nimeagiza aikimbize Bunia ikufikie kabla Mama hajaondoka. Nimekasirika na nina hofu, na vyote viwili ni kwa sababu yako.

Emerance


Kampala, 26 Novemba 2002

Mama Rebecca mpendwa,

Ukiipata barua hii, samaki wasubiri kwanza, uisome mpaka mwisho. Naituma kwa mkono wa mwenye boti, naye ameapa kukupa wewe tu.

Mama yangu amefika Kampala jana jioni. Nilikuwa bado sijamaliza kumkasirikia Anselme, mara namwona Mama mlangoni na kitenge kimoja na karatasi yenye muhuri. Nikamuuliza, Anselme ana wazimu gani wa kukutuma njia ile? Akanijibu hivi, nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Anselme halale tena ku nyumba. Balimufungia mu labo, mulango unafungwa na inje. Wanataka awatengenezee ile mercure rouge. Asubui ya safari aliniambia: Mama, kwenda, usirudie. Ukifika, ambia yaya ile amonia iko muzuri kabisa."

Alimwambia hivyo akicheka. Mama alidhani ni habari njema ya kazi yetu, basi akaileta kwa furaha.

Unaona, Mama Rebecca? Alikuwa anamtoa Mama. Uongo wote ule, na ile heshima ya "Daktari", vilikuwa kwa ajili ya kumtoa Mama Bunia, na yeye mwenyewe abaki rehani kwao. Aliniandikia kosa ambalo mimi peke yangu duniani ningelijua kuwa ni kosa. Mimi nikalisahihisha kama daftari la shule, nikaituma barua wazi ipite bariera zote. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba amonia ni nzima na kwamba ametunga. Wakiisoma hiyo watamuua.

Barua yenyewe ni ya tarehe 24, na anayo Evariste. Mtafute. Kama bado yuko Kasenyi, mnyang'anye, uichome, uitupe ziwani, fanya utakavyo. Kama ameondoka, itume haraka hii ya pili niliyoikunja humu. Humo nimeandika uongo ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeucheka, ila kule anayeweza kuucheka ni Anselme tu. Nisaidie.

Emerance


Kampala, 26 Novemba 2002

Ndugu yangu Anselme,

Naandika kukuomba radhi, mbele yako na mbele ya Commandant Fiacre. Barua yangu ya juzi niliiandika kwa hasira na kwa kutojua. Nimemuuliza Profesa, naye amenionyesha katika kitabu kwamba nimekosea: amonia iliyokaa mahali pa joto zaidi ya mwaka hufa kabisa, hata kama chupa imefungwa kwa nta, na harufu yake hubaki ikimdanganya mtu. Ulikuwa sahihi. Rangi haiwezi kutoka.

Ni kweli pia kwamba amonia mimi humkabidhi Mama tu. Tulikubaliana zamani, nilisahau.

Mama amefika salama lakini safari imemwangusha, hawezi kusimama. Mara atakapopata nguvu ataileta chupa mpya. Mpaka siku hiyo mtu asiiguse ile chumvi isipokuwa wewe. Kazi hii inahitaji mkono uliozoea, na mkono wenyewe ni wako. Mimi mwenyewe siwezi kuifanya bila wewe. Commandant aelewe vizuri jambo hili: pasipo Anselme hakuna kitakachopatikana, leo wala kesho.

Jilinde.

Dada yako,
Emerance


Kasenyi, 29/11/2002

Mutoto yangu Emerance,

Nilisoma barua yako palepale ku mayi, nikakimbia na hizi miguu zangu. Evariste alishapita. Alipanda Bunia na samaki juzi, barua yako iko mu mufuko ya shati yake. Sikumukuta.

Ile ya pili nilipatia Monique, ule wa parokia, alikuwa anapanda na moto, ile pikipiki yao. Alisema kama njia haifungwe atafika leo. Niliambia yeye atembeze mbio, nikamupatia samaki wawili wa kupatia batu ya bariera.

Siye huku tunasikia masasi ya bunduki ku mulima. Mama yako asirudie, hata akilia namna gani. Weye kula kidogo, lala kidogo. Mimi pia niko naogopa.

Mama Rebecca


Bunia, le 8 décembre 2002

Kwa Docteur Emerance,

Bonjour. Mimi ni Commandant Fiacre. Ndugu yako alikuwa anasema weye ni mutu wa kweli, na mimi napenda batu wa kweli.

Bariera ilishika lori ya samaki siku mbili, basi barua zako mbili zilifika siku moja, moja asubui, moja saa kumi. Ya kwanza inasema amonia ni nzima. Ya pili inasema imekufa. Docteur, mbele ya vita mimi nilikuwa mwalimu wa calcul, ya hesabu, miaka tisa. Nilisahihisha daftari mingi sana. Najua namna mutu anaandika kama iko na hasira, na namna anaandika kama iko naogopa.

Lakini sikutaka kuhukumu mutu bure. Nilitwaa ile barua yako ya octobre, yenye iko na recette, namna ya kutengeneza, tukafanya siye wenyewe, mustari kwa mustari, na ile amonia ya mu kabati. Ndugu yako tulimukalisha ku banc ya mbele aangalie. Tulipofungua chupa siye wote tulitoka machozi, na yeye pia. Tulichemsha mpaka rangi ikapotea. Halafu tukamwanga ile nyekundu, na kijani ikatoka. Muzuri sana, sijaona rangi kama ile. Nilimuuliza kama iko na neno ya kusema. Alisema: "Mama alishafika, sivyo?" Nikamwambia ndiyo.

Ulisema kweli, Docteur. Amonia ilikuwa nzima.

Usimuandikie tena. Tulimuzika nyuma ya labo, na musalaba, batu yangu walivua kofia. Kuanzia leo utaandika kwa jina yangu. Natuma kijani kidogo mu hii karatasi, ya échantillon, ni mufano. Uniambie namna ya kuirudisha nyekundu, na nani anainunua.

Salimia Mama. Najua iko kwako.

Commandant Fiacre


Kampala, 12 Januari 2003

Mama Rebecca mpendwa,

Nimehama. Nitakuonyesha nyumba mpya utakapokuja, lakini usiiandike popote, na mtu wa Bunia akikuuliza, sema umesikia nimekwenda Nairobi. Mlango naufunga mara tatu, kisha naamka kuangalia kama nimeufunga. Barua ya yule mtu sikuijibu. Nilidhani nitaichoma, mpaka leo sijaweza.

Ile karatasi yenye kijani sijaifungua tena. Profesa ananiuliza kila siku kama sampuli imefika kutoka nyumbani, na kila siku namwambia bado. Tarehe yake itapita, ipite. Nikifikiria nani aliitengeneza, na nani alikuwa ameketi akitazama, nairudisha chini ya godoro. Nilimuua kwa kusema kweli, Mama Rebecca. Wewe utaniambia ni wao waliomuua, na ni wao, najua. Lakini kalamu ilikuwa yangu.

Sasa nisikilize, maana nina jambo la kukuomba. Mama hajui. Unajua hakusoma shule. Barua zote tangu zamani alisomewa na Anselme, na hapa msomaji ni mimi. Kila asubuhi ananiuliza boti imeleta nini. Wiki ya kwanza nilimjibu bado, bado. Wiki ya pili nikauona uso wake, nikachukua karatasi ya hesabu, nikakaa mbele yake nikaanza kusoma. Haikuwa na kitu zaidi ya namba. Siku hizi naziandika kabisa, usiku uleule wa hofu, kwa namna yake Anselme, na mizaha yake, na kuusema mguu wa Mama.

Jana ilikuwa barua ya nne, kurasa mbili. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema mtoto huyu hajabadilika hata kidogo, akaniomba niirudie pale pa mguu. Nikairudia.

Jumamosi utakapotuletea samaki atakushika mkono akuulize habari zake. Usiangalie pembeni, na usinitazame mimi. Mwambie umemwona, na kwamba amenenepa.

Wako,
Emerance